Barafu ya Kuita

Obiero alichimba shimo nyuma ya nyumba mchana kweupe, Kisian nzima ikimwangalia, akawazika mbuta watano, samaki waliooza. Mkubwa wao alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Mkewe, Seline, alisimama mlangoni ameziba pua kwa leso. Majirani waliopita njiani walisema pole, vile watu husema pole kwenye matanga, na Seline akaitikia kila pole huku akitamani ardhi imfunike yeye kabla ya samaki.

"Baba Adero, fukia haraka. Watu wanatuona."

"Waone. Kwani niliiba?"

"Afadhali ungeiba. Mwizi angalau anakula."

Obiero aliendelea kufukia. Asubuhi hiyo lori la kiwanda cha minofu lilikuwa limesimama hapo Kisian kama kawaida, wachuuzi wakafungua masanduku, na dereva akapita akifunua mashavu ya samaki na kunusa. Alipofika kwa Obiero alinusa mara moja tu, akarudi nyuma. "Mzee," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "hawa wapeleke kanisani waombewe." Watu walicheka. Obiero naye alicheka kidogo, maana mtu ukichekwa hadharani utafanya nini, na hicho kicheko chake ndicho kilichomuuma Seline kuliko hasara.

Usidhani samaki walikuwa haba. Mwaka huo, miaka ya tisini ikianza, ziwa lilikuwa linatapika mbuta. Kilichokuwa haba ni barafu. Samaki wa bichi, ufuo wa wavuvi chini ya Kisian, akitoka majini asubuhi, bila barafu jua lilimmaliza kabla lori halijafika. Na barafu ya bei ya mchuuzi mdogo ilitoka mahali pamoja, kwenye kiwanda cha Mzee Badru mjini Kisumu, upande wa bandarini, chenye mashine moja kuukuu iliyokohoa kila ilipowashwa.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi moja, nayo iliitwa kuita. Alasiri unapanga foleni, unafika dirishani, unaita idadi ya mabonge unayotaka. Karani anaandika kwa chaki ukutani, jina lako na mabonge yako. Asubuhi barafu ikitolewa, inagawanywa kufuatana na ule ukuta, na isipotosha kila mtu anakatiwa kwa kadiri ya alichoita. Zamani, kabla malori ya minofu hayajaja, mtu aliita sita akapewa sita akaenda zake, na hata mwenye haya alikuwa na barafu.

*

"Sasa niambie ukweli," Seline alisema walipokaa kula. Mboga ilikuwa osuga tupu. "Jana ulifika dirishani ukasema nini?"

"Nilisema sita. Si tunahitaji sita?"

"Halafu?"

"Yule karani mpya, Waliaula, akasema sita haiwezekani, akaniambia niangalie ukuta vile umejaa. Nikaona nimwombe. Nikamwambia, bwana, basi nipe kata tatu."

Seline aliacha kutafuna. "Ulimwambia kata tatu?"

"Ndiyo. Kata tatu."

"Yawa, Baba Adero! Yule ni mtu wa Bungoma! Hajamaliza hata mwezi hapa Kisumu!"

Kwa Kijaluo, kata ni hata. Obiero alikuwa anaomba apate hata tatu, walau tatu, sita yake ikibaki ukutani, kwa unyenyekevu wote wa mwanamume mwenye samaki wake juani. Lakini Waliaula alisikia Kiswahili. Alisikia mtu mzima anamwambia akate tatu, akashangaa wema wake, akafuta sita, akaandika tatu. Na asubuhi, vile barafu iligawanywa mafungu mafungu, tatu ya Obiero ikazaa kipande tu cha bonge.

Seline alitaka kukasirika akashindwa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na Obiero akacheka naye, kicheko cha kweli sasa. Kisha Obiero akainuka kufunga dirisha, maana shimo lilikuwa bado linanuka.

"Kesho naenda mimi," Seline alisema.

"Nenda. Lakini usiende kuongopa."

"Nani amesema naenda kuongopa?"

*

Alipanga foleni nyuma ya Ouma, mtu mnene mwenye genge la samaki Nyamasaria. Mbele ya Ouma alikuwa Safia, mwenye hoteli karibu na stendi. Safia aliinama dirishani na kuita, bila kupepesa, "Themanini." Waliaula akaandika. Ouma akaita, "Hamsini."

Seline alikuwa amekuja na sita mdomoni. Alikuwa ameibeba tangu Kisian. Lakini aliutazama ule ukuta, namba zimepangwa mpaka karibu na paa, akaona sita yake itakuwa kama mtoto aliyesimama katikati ya ng'ombe.

"Mama, ngapi?"

"Sitini," akasema.

Alingoja Waliaula acheke. Waliaula aliandika sitini.

Kesho yake asubuhi alipewa mabonge sita. Sita kamili! Aliyafunika kwa maranda na magunia, akayapandisha kwenye pikapu ya kukodi, na lori lilipofika Kisian, dereva akafunua mashavu ya mbuta wake, akanusa, akasema tu, "Pima." Hakuna neno tamu kama hilo kwa mchuuzi wa samaki. Jioni hiyo Seline alinunua nyama.

"Na zile hamsini na nne nyingine?" Obiero aliuliza, mfupa mkononi.

"Zipi?"

"Uliita sitini, ukapata sita."

"Hizo ni za mdomo tu. Hakuna mtu anakula barafu ya mdomo."

"Mama Adero, ile barafu ni moja. Ukivuta huku, inatoka kwa mtu."

"Inatoka kwa nani? Ouma ana genge, anahitaji hamsini yake. Safia ana hoteli. Hao ni watu wakubwa. Mimi ndiye naongopa peke yangu, na naongopa kidogo, na Mungu anajua kwa nini."

Aliamini hivyo kabisa. Kila alasiri alipanda gari mpaka mjini akiwa mwongo mmoja kati ya watu wa kweli, na kila alasiri aliita. Sitini ilipoanza kuzaa tano, aliita sabini. Hakujua kwamba Dorca, mjane wa bichi yao hiyohiyo ambaye hakuweza kuita uongo kwa sababu ya wokovu wake, alikuwa anaita mbili na kurudi na mkebe wa vipande. Alijua tu siku moja kwamba Dorca ameacha samaki, amerudi kulima vibarua kwenye miwa. "Biashara ni ngumu," Seline alisema, na akasikitika sana.

*

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeusoma ule ukuta kwa moyo safi, naye ni Mzee Badru mwenyewe.

Alizaliwa Kisumu, babake alizaliwa Kisumu, na mashine ile aliirithi pamoja na nyumba. Kila jioni watu walipoondoka alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akazisoma namba za chaki kutoka chini mpaka juu. Mwanzoni alistaajabu. Baadaye aliogopa. Watu wote hawa! Mabonge yote haya, na yeye anawapa chembe! Alikuwa akirudi nyumbani anamwambia mkewe, Salme, "Huu mji una kiu, bibi wee. Una kiu ambayo sijawahi kuiona. Wananiomba na mimi nimekaa." Salme alimwambia aende polepole. Aliwezaje kwenda polepole mtu anayeombwa na mji mzima? Aliweka nyumba ya babake rehani benki, akaagiza mashine mpya kutoka Mombasa, kubwa mara kumi ya ile ya zamani.

Ilipofungwa na kujaribiwa, aliwakusanya wachuuzi dirishani. Furaha ilimjaa mpaka sauti ikawa inamkatika.

"Ndugu zangu, dhiki imekwisha. Ijumaa asubuhi kila mtu atapewa alichoita, chote, bila kukatiwa hata bonge. Nawaomba jambo moja tu. Mimi nimeingia deni kwa ajili yenu. Kwa hiyo aliyeita achukue na alipe. Asiyechukua alichoita, jina lake linafutwa ukutani, na halirudi."

Watu wakapiga makofi. Seline alipiga makofi pia. Jina lake ukutani lilikuwa na sabini ubavuni.

Alikaa siku mbili akihesabu. Mabonge sabini! Pesa ya samaki wa miezi haikutosha kuyalipa, na hata angeyalipa, angeyapeleka wapi? Na jina likifutwa, hakuna barafu. Bila barafu lori halipimi. Bila lori, nyumba hii ingekula nini? Akilini alimwona Obiero na jembe tena nyuma ya nyumba, akichimba na kufukia.

"Nenda umwambie Mzee mapema," Obiero alisema.

"Nimwambie mbele ya Ouma? Mbele ya Safia? Watanitemea mate. Watu wanaohitaji kweli, na mimi nimewanyang'anya!"

"Basi Ijumaa twende wote. Wakitema, watutemee wawili."

*

Ijumaa geti likafunguliwa.

Katikati ya Kisumu, mahali ambapo lami hulainika mchana ikashika viatu, palikuwa na mlima wa barafu. Kushoto lilikuwa fungu la mashine ya zamani, fungu lile walilolizoea, kila bonge likiwa na moyo mweupe katikati. Kulia lilikuwa fungu la mashine mpya, na hilo lilipanda mpaka mabati ya paa, likaenea mpaka ukuta wa nyuma wa uwanja. Mabonge yake yalikuwa angavu kabisa. Jua la asubuhi liliingia upande huu likatokea upande wa pili, na kupitia ndani yake ungemwona Waliaula amesimama kule, amepinda, ana vichwa viwili. Ubaridi ulitoka mle ukafika getini ukawagusa watu usoni, na watu waliozaliwa na joto la ziwa wakasisimka mikono. Mama mmoja wa kutoka Homa Bay alifanya ishara ya msalaba. Ouma alivua kofia.

"Nyasaye, Mungu wangu," Obiero alisema polepole. "Hii yote iliombwa na watu?"

Seline hakuwa amewahi kuona kitu kizuri namna ile maishani mwake, na kilimtisha.

Mzee Badru alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya sikukuu. Alisimama chini ya mlima wake, mkono juu ya bonge, kama baba aliyesimama na bwana harusi. "Karibuni," akasema. "Leo hakuna kulia. Waliaula, soma ukuta."

Waliaula akasoma. Jina la kwanza siku hiyo lilikuwa lao.

"Mama Adero. Sabini."

Hakuna mkokoteni uliosogea.

"Mama Adero, leta mikokoteni yako."

Seline alimtazama Obiero. Obiero alisogea akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Mzee," Seline alisema, "mimi nahitaji sita."

Mzee Badru alitabasamu. "Sita za safari ya kwanza. Sawa. Halafu?"

"Sita basi."

"Lakini umeita sabini, mama."

"Niliita sabini ndiyo nipate sita." Sauti ilimtoka nyembamba. "Niliongopa, Mzee. Nisameheni watu wote hapa. Nimewalia barafu yenu."

Alifumba macho akingoja mate. Hayakuja. Alipofumbua, aliona Ouma anaangalia viatu vyake.

Mzee Badru naye alimwona. "Ouma, wewe si uliita mia?"

"Mzee... mimi ni nane."

"Safia?"

Safia wa hoteli, mwanamke asiyepepesa macho, alipepesa. "Kumi," akasema. "Na hizo mbili ni za juisi."

Basi ikawa kama kizibo kimetoka. Nne! Saba! Mimi ni tano tu, wallahi! Kicheko kikaanza nyuma kikafika mbele, watu wakashikana mabega. Kumbe na wewe? Kumbe na wewe! Miezi yote hiyo kila mmoja alikuwa ametubu peke yake kitandani, akawalaani wengine kwa ulafi wao, na asubuhi akaamka akaenda kuita. Foleni nzima, jamani, na kila mtu ndani yake alidhani amezungukwa na wakweli!

Mzee Badru hakucheka. "Chukueni," alisema. "Kila mtu achukue anachohitaji kweli."

Wakachukua. Walianza na fungu la zamani, maana lilikuwa karibu na geti. Mikokoteni iliingia ikatoka, magunia yakatandazwa, maranda yakamwagwa, na fungu la zamani likaisha. Ndipo Waliaula akaanza kuyashusha yale mabonge angavu. Alitoa safu moja ya mbele. Alipofika mwisho wa safu aligeuka kuuliza ni zamu ya nani, na hakukuwa na mtu. Wote walikuwa wameshatosheka.

Mlima ulisimama vilevile. Ulikuwa umepungua pale mbele tu, kama meno yaliyong'olewa.

Obiero ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha kidole na hakukishusha. "Ni hiyo tu?" akasema. "Mzee, ni hiyo tu tuliyokuwa tunapungukiwa? Safu moja?"

Watu wakatazama ile safu. Kicheko kilikufa. Mashine ile kuukuu, ile ya kukohoa, ilikuwa imewatosha wote karibu kabisa, siku zote hizo. Kwa safu moja Ouma aliwahi kupigana dirishani akavunjwa jino. Kwa safu moja Dorca alikuwa kwenye miwa ya watu. Kwa safu moja Obiero alikuwa amechimba kaburi la samaki. Walisimama pale mbele ya mlima uliojengwa na hofu yao, mlima unaong'aa, na hakuna aliyeweza kuondoka. Seline alitaka kupiga magoti na hakujua ampigie nani.

Mzee Badru alitia mkono katika lile pengo. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani.

"Niliusoma huu ukuta kila jioni," alisema. "Nikawaamini. Kwa nini hamkuniambia ukweli?"

Ni Seline aliyejibu, kwa upole, maana yeye ndiye aliyeanza kukiri. "Mzee, tungekuambia ukweli, ungetupa nusu yake."

Mzee Badru aliutazama ukuta wa chaki. Ilikuwa kweli.

Jua lilipopanda, mlima ulianza kulia. Maji yalipita chini ya geti, yakavuka barabara, yakashuka bandarini, yakarudi ziwani yalikotoka. Akina mama walikuja na beseni. Watu wa Milimani, mtaa wa matajiri, walisimamisha magari yao wakashuka kutazama.

*

Benki haikutaka kusikia habari za kuita. Mashine mpya ilifunguliwa skrubu moja moja, ikapakiwa kurudi Mombasa, na nyumba ya Mzee Badru ikapigwa mnada. Yeye na Salme walihamia chumba cha nyuma ya kiwanda. Hata hivyo aliwakusanya wachuuzi tena, mzee yule, na hakuwatukana.

"Nimebaki na ile ya zamani," alisema. "Inawatosha, isipokuwa ile safu. Mmeiona kwa macho yenu. Kila mtu akate bonge moja tu katika haja yake, moja, na hakuna atakayelala na samaki wabovu."

"Tutakata, Mzee!" watu walipaza sauti. Wengine walilia. Ouma aliomba sala ndefu, na Waliaula akauosha ukuta kwa maji na brashi mpaka ukawa mweupe.

Alasiri hiyo Seline alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Obiero alikuja naye.

"Tunaita tano," Obiero alisema njiani.

"Tano," Seline alisema. "Kwani nimesahau?"

Waliaula alikuwa na chaki mpya mkononi. Alimwona akafurahi. "Mama Adero! Wewe ndiye ulitufungua macho. Haya, tuanze na wewe. Ngapi?"

Seline alifungua mdomo aseme tano. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza ghafla, watu wote wametega masikio. Je, Ouma atakata? Safia atakata? Na kama yeye atakata na wao wasikate? Akapata ile harufu tena, harufu ya shimo, hapo dirishani, mbali na Kisian.

"Saba," akasema.

Waliaula aliishusha chaki. "Mama, tulisema kila mtu akate."

"Ndiyo," Seline alisema, na hakumtazama. "Kata saba."

Karani alikuwa amekaa Kisumu vya kutosha sasa. "Mama Adero, hiyo ni kata ya Kiswahili ama kata ya Kijaluo?"

Seline alikunja leso yake. Obiero alikuwa amegeuzia uso upande wa ziwa.

"Mimi kumi na mbili!" Ouma alisema nyuma yao, kwa sauti, kabla hajaulizwa.

Waliaula aligeukia ukuta mweupe. Aliandika jina la Mama Adero, akaandika saba, akaiandika ndogo, karibu kabisa na jina, ili mbele yake ibaki nafasi ya tarakimu nyingine.